Lamadi au Geita: njia ipi kutoka Mwanza kutazama nchi ikichipua baada ya moto

Mwezi Septemba tulikuwa barabarani kwenda Bunda kumwona mama: mimi, wifi yangu aliyetoka Dodoma, na watoto wake wawili kiti cha nyuma. Tulipoiacha Magu nchi ikawa nyeusi. Halikuwa shamba moja au mawili. Weusi ulianzia ukingo wa lami ukaenda hadi kwenye majabali, vichuguu vyekundu vimebaki vimesimama peke yao, na ng'ombe wanatembea wakinusa majivu. Yule mdogo, mwenye miaka sita, aliweka paji la uso kwenye kioo akaniuliza, "Shangazi, nani kaunguza?" Nikamwambia moto umepita, mvua ikinyesha majani yatarudi. Alinitazama tu. Hakuniamini.

Sasa wifi amenipigia simu. Anarudi mwishoni mwa Novemba, ana Jumamosi moja tu ya kutembea, na anataka watoto waone kama shangazi yao alisema kweli. "Wifi, turudie njia ile ile ya Lamadi, au tupite daraja jipya tuelekee Geita?" Nimeshaulizwa hivyo na watu wengine pia, hasa tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe. Mimi nauza pembejeo na dawa za mifugo, na barabara zote mbili nazipita mara kwa mara nikifuata minada. Nimeona ni heri niliandike jibu lote mahali pamoja.

Kinachoungua si kitu kimoja

Kabla hujafikiria umbali au mafuta, jua kwamba njia hizi mbili zinaungua kwa namna tofauti. Upande wa mashariki, kuanzia Kisesa hadi Bunda, kinachoungua ni nyasi. Upande wa magharibi, kuanzia vilima vya Geita na hasa ukishaivuka Buseresere kwenda Chato na Biharamulo, kinachoungua ni miombo: pori la miti, nyasi zikiwa chini yake. Nyasi hupona kwa wiki. Miti hupona kwa miaka. Ukichagua njia, kwa kweli unachagua ni kupona kupi unataka kuona.

Moto wenyewe, karibu wote, hutoka mkononi mwa mtu. Kiangazi chetu hakina radi za kutosha kusingiziwa. Mfugaji anawasha ili majani mabichi yachipue na kupe wafe. Mkulima anasafisha shamba, upepo unageuka, moto unamponyoka. Mrina asali anaacha kijinga chini ya mti. Mchoma mkaa analala, tanuri linapasuka usiku. Ukishaponyoka tunauita moto kichaa, na jina hilo linaustahili.

Mwezi uliowashwa una maana kubwa kuliko aliyeuwasha. Moto wa Mei au Juni unakuta nyasi bado zina maji, unatambaa chini na kuacha mabaka mabaka, hapa pameungua, pale pamebaki. Moto wa Agosti na Septemba unakuta kila kitu kimekauka na upepo upo; unapanda, unakula magome, unaingia mpaka kwenye mizizi ya miti iliyokufa. Ndiyo maana wahifadhi huwasha wenyewe mapema katika baadhi ya maeneo: wanamaliza chakula cha moto kabla haujaja ule mkali. Ukiwa njiani utaweza kuutofautisha hata bila kuuliza mtu. Penye mabaka, moto ulikuwa wa mapema. Penye weusi mtupu, au majivu meupe kama unga yaliyolala kwa umbo la gogo, ulikuwa wa mwisho wa kiangazi.

Mashariki: Igoma, Magu, Lamadi, Ndabaka

Hii ndiyo njia ya Musoma. Unatoka mjini kwa Igoma, unapita Kisesa, palipo na makumbusho ya Wasukuma ya Bujora (kama hujawahi kuingia, ingia siku nyingine, usiibane leo), kisha Nyanguge, unavuka mto Simiyu huko Magu, unaipita Nassa na kufika Lamadi. Ziwa unakuwa nalo upande wa kushoto, Ghuba ya Speke, mara linaonekana mara linajificha nyuma ya mashamba ya pamba na mpunga. Kutoka mjini hadi lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti ni kilomita 140 hivi, lami tupu.

Ubora wa njia hii ni kwamba unaona jambo zima kutoka kwenye kiti cha gari. Nchi iko wazi. Mvua za kwanza zikishuka, weusi ule unaanza kuwa na rangi ya kijani hafifu kama ukungu, ukiutazama kwa mbali upo, ukiusogelea haupo. Wiki ya pili unaona kwa karibu pia. Wiki ya tatu au ya nne mgeni hatakubali kwamba pameungua, isipokuwa mtu amwonyeshe masizi kwenye mashina ya migunga. Yangeyange wanafuata ng'ombe, korongo wanapita wakiokota panzi, mwewe wanazunguka juu. Kwa mtoto, hii ni habari inayosomeka.

Lakini usiitazame kama mandhari tu, maana nyasi hizo zina wenyewe. Wasukuma wana ngitili, kipande cha malisho kinachofungwa mvua zikianza na kufunguliwa kiangazi kikishakuwa kikali, ndama na ng'ombe dhaifu wapate cha kula. Ni akiba, kama ghala la mtama. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986 na ambao wengi tunaujua kwa jina la HASHI, ulijengwa juu ya desturi hiyo hiyo, na maelfu kwa maelfu ya hekta za ngitili zikarudi katika nchi iliyokuwa imeanza kuitwa jangwa. Moto kichaa ukiingia kwenye ngitili mwezi Agosti, kwa mwenye mifugo ni sawa na ghala kuungua.

Mwaka juzi nilisimama karibu na Nassa kwa mzee mmoja, mteja wangu wa dawa ya kuogeshea. Nilimsalimia "Mwangaluka, baba," akaitikia, na bila maneno mengi akanipeleka kwenye ngitili yake. Ilikuwa imeungua yote, na mvua ilikuwa imenyesha mara mbili tu. Akachuchumaa mbele ya shungi moja la nyasi. Juu lilikuwa kama brashi ya viatu iliyoungua, nyeusi, ngumu, ukiligusa linabaki kidoleni. Akalifunua kwa vidole vyake viwili kama mtu anayetafuta chawa kwenye nywele za mtoto. Ndani, chini kabisa, palikuwa na majani matatu yaliyokunjwa, kijani cha ndizi mbichi, marefu kama njiti ya kiberiti. "Unaona, mayu," akasema, yaani mama. "Moto umekula nguo. Mwili huu hapa."

Kisha akaniomba nisikanyage. Ng'ombe wake walikuwa wamefungwa upande wa pili, wanalia, na yeye anajua akiwaachia sasa watayang'oa hayo majani matatu kabla mzizi haujajishibisha, na mwaka unaofuata shungi hilo halitakuwepo. Hivyo anasubiri, na anakodi malisho kwa jirani. Tangu siku ile kila nikiona kijani cha wiki ya kwanza kati ya Magu na Lamadi, nawafikiria walio ndani ya kijani hicho wakiwazuia ng'ombe wenye njaa.

Jambo jingine la kutazama kwa karibu ni mbegu. Baadhi ya nyasi hizi zina mbegu zenye mkia mrefu mweusi uliosokotwa. Ukiudondoshea tone la maji unajisokotoa wenyewe, unazunguka, na mbegu inajichimbia ardhini kama keekee. Ikishaingia chini kidogo, moto unapita juu yake. Watoto watazikuta kwenye soksi zao; mwambie mmoja aweke tone la maji kiganjani atazame.

Ukiwa na muda na fedha za kuingia hifadhini, Ndabaka inakupa sura nyingine ya habari hii, na kwangu mimi ndiyo inayoshangaza kuliko zote. Nyumbu wa Serengeti mwanzoni mwa miaka ya 1960 walikuwa karibu 250,000. Sotoka, ugonjwa wa ng'ombe, ilikuwa ikiwaua. Ng'ombe wa vijiji vya jirani walipochanjwa, ugonjwa ukakatika kwa nyumbu pia, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa wamefika milioni 1.3. Midomo ilipoongezeka nyasi zikapungua, nyasi zilipopungua moto ukapungua, na moto ulipopungua miti midogo, iliyokuwa ikiunguzwa kila mwaka isifike urefu wa mtu, ikapata nafasi ya kukua. Sindano ya ng'ombe kijijini ikaotesha miti porini. Mimi ninayeuza chanjo na dawa za mifugo habari hii naibeba moyoni. Ndani ya ukanda huo wa magharibi utaona pia migunga mifupi yenye vivimbe vyeusi ambamo sisimizi hukaa; upepo ukipita kwenye vitundu vyake inalia kama filimbi. Ikiungua juu, inachipua kutoka chini. Malipo ya kuingia yashughulikie mapema kabla hujafika, langoni hawapokei fedha taslimu.

Udhaifu wa njia hii? Ni barabara kuu. Malori na mabasi ya Musoma, Tarime na Sirari yote yako humo, na vijiji vimefuatana, kila kimoja na kibao chake cha 50. Huwezi kusimama popote upendapo. Halafu kuna udongo mweusi, ule Wasukuma wanaouita mbuga. Kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono, mvua ikinyesha unakuwa gundi. Miaka mitatu iliyopita niliitoa gari yangu ndogo nje ya lami, hatua kama ishirini tu, nipige picha ya majani mapya. Nilikwama pale kwa muda wa saa nne. Vijana sita na jozi ya ng'ombe wa kulimia ndio walionitoa, na nilichowalipa kilikuwa sawa na mafuta ya kwenda na kurudi. Simama kwenye lami au kwenye changarawe, kisha tembea.

Magharibi: Usagara, Kigongo, Geita, Chato

Zamani nisingemshauri mtu yeyote mwenye siku moja kwenda huku. Foleni ya kivuko cha Kigongo ilikuwa inaweza kukumaliza asubuhi yote. Tangu Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli, ndilo hilo la Kigongo–Busisi, limefunguliwa, kilomita 3 juu ya maji, na unavuka kwa dakika chache. Tafadhali usisimame juu yake kupiga picha. Ng'ambo ya Busisi pana nafasi, liangalie ukiwa pale.

Baada ya Sengerema unapanda na kushuka vilima, mihogo, mananasi kando ya barabara, majabali tena. Ukweli ni kwamba kilomita hizi mia na zaidi za mwanzo, hadi Geita mjini, hazikupi moto mwingi wa kutazama. Ni nchi ya watu, imelimwa. Geita kwenyewe na Katoro ni miji ya dhahabu na biashara, piga mafuta, kula, endelea. Kinachokupeleka huku kiko mbele: Buseresere, Chato, na barabara inayokwenda Muleba ikilipita pori la upande wa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyotangazwa mwaka 2019, kilomita za mraba 4,707. Kutoka Geita ni karibu safari nyingine kama ile uliyokwisha kwenda.

Miombo haikufunulii mambo yake kwa haraka. Wageni wengi huipita kwa mwendo wa 80 wakasema "pori tu". Inabidi ushuke. Na ukishuka, tembea pole pole, maana hapa kupona kuna hatua nyingi na zote ziko mahali pamoja: kisiki cha mwaka huu, machipukizi ya mwaka jana yanayofika kiunoni, vijiti vya miaka mitano vyenye kovu jeusi upande mmoja, na mti mzee ambao gome lake limepasuka vipande vipande kama ngozi ya mamba na hakuna moto unaousumbua tena.

Mfano wangu ni mninga. Kila mtu anaujua kama kitanda au mlango, wachache wanaujua kama mche. Mninga mchanga hauinuki. Unaota msimu wa mvua, kiangazi kikija shina lake dogo linakufa, kwa ukame au kwa moto, na mvua ikirudi unachipua tena kutoka mzizini. Unakufa juu na kukua chini hivyo hivyo, miaka saba, kumi, wakati mwingine zaidi, ukijaza mzizi wako. Kisha mwaka mmoja unakuwa na nguvu ya kutosha, unaruka juu kwa kasi, unajaribu kuupita urefu wa ndimi za moto kabla kiangazi hakijarudi. Mwaka jana, kando ya barabara baada ya Chato, niliona mmoja uliokuwa umeshinda. Shina nene kama mkono wangu, jeusi kwa masizi hadi usawa wa kifua, na juu ya mstari ule majani mapya laini. Mtu alikuwa ameupiga panga bila sababu. Utomvu mwekundu ulikuwa umetiririka juu ya masizi na kukauka, kama damu juu ya kitambaa cheusi. Chini yake tunda moja: duara, ukingo mwembamba kama karatasi, katikati miiba kama ya nungunungu. Nililichukua. Lipo dirishani nyumbani.

Mvua za kwanza zikinyesha, kwenye majivu yale yale huchomoza ua jekundu la mviringo, sindano nyekundu mia zimetoka kwenye kikonyo kimoja bila jani hata moja, kubwa kama kichwa cha mtoto mchanga. Linakaa siku chache tu. Usilichimbe kupeleka nyumbani. Watu wamelichimba mno karibu na barabara.

Magharibi pana faida moja ambayo mashariki haina kabisa: huhitaji kusubiri mvua. Miti ya miombo hutoa majani mapya kabla ya mvua, mwishoni mwa Septemba na Oktoba, kwa maji iliyoyahifadhi, na majani hayo hayatoki kijani. Yanatoka mekundu, rangi ya shaba, mengine ya waridi, kisha ndiyo yanageuka. Kwa wiki kadhaa unakuwa na ardhi nyeusi chini na paa jekundu juu. Aliye na likizo ya Oktoba asiende Lamadi, atakuta vumbi. Aende huku.

Lakini huku pia ndiko utakakoona moto ulioshinda. Huko Ndola, Zambia, kwenye miombo iliyo jamaa na hii yetu, watafiti walianza mwaka 1933 kuvitenga viwanja: kimoja kiliunguzwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi, kingine mapema, kingine hakikuguswa. Kilichounguzwa mwishoni mwa kiangazi kiliishia kuwa nyasi na visiki. Kilichounguzwa mapema kilibaki pori. Ambacho hakikuguswa kilizidi kufunga na kuwa msitu mzito. Ukipita sehemu zinazochomwa mkaa na kuungua kila mwaka, ambazo zina nyasi ndefu na mti mmoja mmoja, utaelewa unachokiona. Pale machipukizi yanatoka kila Novemba na kuuawa kila Septemba, na mzizi nao una kikomo. Inaniuma kila nikipita, kwa sababu nimezipita sehemu hizo zikiwa bado pori. Upande wa Chato kuna pia Shamba la Miti Silayo la Wakala wa Huduma za Misitu, na penye mashamba ya aina hiyo utaona mikanda mipana iliyosafishwa kati ya kitalu na kitalu. Hiyo ni ya kuzuia moto, si barabara ya kuegesha gari. Msindano mchanga ukiungua vibaya hauchipui kama mninga. Mwenye shamba anaanza upya.

Udhaifu wa magharibi ni umbali, na mbung'o. Ukienda hadi porini na kurudi Mwanza siku hiyo hiyo, utakuwa kwenye usukani tangu alfajiri hadi giza, na sipendi mtu aendeshe giza katika barabara hiyo. Heri ulale Chato au Geita. Mbung'o hufuata gari inayotembea na hupenda nguo za bluu na nyeusi, kwa hiyo vaa kaki au rangi ya udongo, na funga vioo ukiwa porini. Chato yenyewe ina ziwa na upepo, na mbele ya maji hayo kiko Rubondo, hifadhi ya kisiwa tangu mwaka 1977. Siku mbili huku hazitakuwa za kupoteza.

Yaliyo sawa pande zote mbili

Chakula sikipi uzito katika uamuzi huu. Lamadi utapata sato mbichi, Sengerema na Geita pia, na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, unaweza kuibeba kutoka nyumbani.

Usalama ninaupa uzito. Penye kisiki kilichoungua usimwachie mtoto akimbie. Moto huingia mizizini ukaitafuna kwa siku nyingi baada ya juu kupoa, na kinachobaki ni shimo lililofunikwa kwa majivu. Nimeona kijana akitumbukia hadi gotini mahali palipoonekana kama ardhi ya kawaida, na palikuwa bado pa moto. Usipumzike chini ya mti mkubwa uliotobolewa na moto, huanguka bila upepo. Viatu vilivyofunikwa, soksi ndefu. Na kama unasafiri Agosti au Septemba ukakuta moshi umeikatiza barabara, washa taa, punguza mwendo, na kama huoni mbele simama kabla ya moshi, wala si ndani yake. Kipande cha sigara usikitupe nje ya gari hata kama nyasi zinaonekana kijani. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inabana uchomaji wa mimea ovyo, lakini hata isingekuwepo, mfikirie yule mzee wa Nassa.

Wapo walioniambia niwape njia ya tatu, Ukerewe, kwa kupita Bunda hadi Kisorya na kivuko cha kwenda Rugezi. Ni safari nzuri sana, ila ni ya ziwa na mashamba madogo madogo yanayopakana. Nchi iliyoungua huioni. Iweke kwa siku nyingine.

Kwa hiyo nani aende wapi

Mwenye siku moja, mwenye watoto, mwenye mzee asiyeweza kutembea mbali, au mwenye gari ndogo: mashariki, wiki ya pili hadi ya nne baada ya mvua kushika. Usihesabu mvua ya kwanza, ile ya kutuliza vumbi. Piga simu kwa mtu wa Magu au Lamadi umuulize kama watu wameanza kupanda. Wakishapanda, wewe nenda.

Mwenye siku mbili, anayependa miti, anayeweza kushuka garini na kukaa kimya nusu saa: magharibi, Oktoba kwa majani mekundu, au Novemba na Desemba kwa maua na machipukizi. Mpiga picha naye aende huku. Mwalimu anayetaka wanafunzi waelewe kwa nini mwezi wa kuwasha moto ni jambo zito, aende huku pia, na awape muda wa kutosha.

Aliyekwenda moja mwaka huu aende nyingine mwakani. Mimi mwenyewe, nikiwa peke yangu na hakuna mnada unaonisubiri, nakunja kulia pale Usagara bila kufikiri mara mbili.

Lakini wifi nimemjibu Lamadi. Angeniuliza kwa ajili yake tu ningempeleka Chato. Mtoto aliona mahali fulani pakiwa peusi na akaambiwa patarudi, basi lazima aonyeshwe mahali pale pale. Nimekiweka alama kichuguu kimoja kati ya vile tulivyoviona. Kipo upande wa kulia ukitoka Magu, kirefu kama mtu mzima, kina mgunga mdogo ulioinama juu yake, na picha yake ya Septemba ninayo kwenye simu. Tutatoka Igoma saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nimemwambia wifi amvishe soksi ndefu.